Digrii ya kemia na taarifa ya saa tatu

Mei 2014 nilikuwa na digrii ya kemia ya Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri habari kwa redio moja hapa Nairobi, inaingia na Kiingereza unaitoa Kiswahili, unalipwa kwa zamu. Maabara nilikuwa nimetafuta nikachoka, wote wanataka uzoefu na hakuna anayetaka kukupa huo uzoefu. Redioni waliniandika juu ya Kiswahili changu tu, ile karatasi ya kemia hakuna mtu alikuwa ameiulizia.

Sasa hiyo wiki ndio watu walianza kufa na pombe. Embu, Kiambu, halafu Kitui na Makueni nako, kila taarifa idadi imepanda, na wengine hawajafa lakini wameamka hawaoni. Wale tuliokuwa watoto mwaka 2000 tulikumbuka kumi kumi, ile pombe haramu ya mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, iliua watu zaidi ya 100, na bado tuko palepale.

Mhariri wa zamu, mzee wa kazi kweli, alikuwa ameandika kwa skripti "baada ya kubugia pombe haramu kupita kiasi". Nikamwambia bosi, hiyo kupita kiasi itoe. Akaniangalia juu ya miwani, yaani huyu wa kutafsiri ametoka wapi. Nikamwambia hii ni methanoli, ile ya viwandani, ya thina na rangi, na ukiiweka kwa glasi kando ya ethanoli, ile pombe yenyewe, kwa macho huwezi zitofautisha, hata uzito ni karibu mmoja. Vijiko viwili vya chai, ikiwa safi, vinaweza kukupofusha. Kuna mtu hapo alikunywa glasi moja akielekea nyumbani na sisi tunamtangaza mlevi wa kupindukia, halafu jirani yake anasikia anasema aah mimi hunywa kidogo, niko sawa.

Akaweka kalamu chini. "Haya, endelea."

Nikaendelea, na sidhani nimewahi kuongea kemia na raha hivyo hata kwa mtihani. Ini likiivunja methanoli inakuwa fomaldehaidi halafu asidi ya fomiki, ileile sisimizi wengine hukurushia, na hiyo asidi ndio inaharibu neva ya macho. Inachukua saa nyingi, inaweza kufika hata siku nzima, kwa hivyo mtu analewa kawaida analala, anaamka anadhani ni hangova, tumbo linauma, halafu anaanza kuona ukungu ndani ya nyumba.

"Na dawa?"

Dawa iko, nikamwambia, na ikikosekana daktari anaweza kutumia ethanoli, juu ini likishughulika na ethanoli linaiwacha methanoli, inatoka polepole na pumzi na mkojo ama wanakuweka kwa mashine ya kusafisha damu. Jamaa akaruka. "Kumbe dawa ya pombe ni pombe! Hiyo ndio tunafungua nayo!"

Hapo tulikosana. Nilimwambia bosi, ukisoma hiyo saa tatu, saa tatu na nusu mtu ako kwa mama pima, muuza pombe haramu yuleyule, anaongezewa kwa chupa ileile, na nani atampimia kipimo? Yeye anasema ni ukweli, mimi nasema ndio ni ukweli, wa daktari aliye na mgonjwa mbele yake. Tulibishana mpaka mtangazaji akagonga kioo cha studio anataka karatasi zake.

Mwishowe nikaandika mwenyewe, na biro, nyuma ya skripti: "Kama wewe au mtu wako alikunywa tangu jana, usingoje macho yafifie, nenda hospitali sasa, hata kama ulevi umeshaisha." Ikasomwa hivyohivyo, mara mbili. Simu zikaanza, maziwa yanasaidia, kutapika je, na mhariri akawa anazipitisha zote kwangu bila hata kuuliza.

Kutoka hapo kila kitu chenye harufu ya sayansi kilitupwa kwa meza yangu, aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwa mahindi, zebaki ya wachimba dhahabu Migori, kipindupindu, mpaka siku moja wakaleta kupatwa kwa jua nami fizikia niliiwacha fomu foo. Zamu ziligeuka kandarasi. Pesa iliongezeka kidogo sana, hapo nisiwadanganye.