Nilivyopima mafuriko ya Kigogo kwa futi kamba

Nasoma mipango miji na uchambuzi wa mazingira, mwaka wa mwisho, hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu ulikuwa na swali moja: mvua ikinyesha, nyumba zipi za Kigogo hufikiwa na maji kwanza, na yanapanda hadi wapi? Mjumbe, mpangaji na mhandisi wote wanahitaji jibu hilo kabla masika hayajaanza.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Salander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu katika jiji hili, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo watu wameongezeka sana: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Huko juu, palipokuwa na mashamba na vichaka sasa pana mabati na saruji, kwa hiyo mvua ileile inafika mtoni mapema na kwa nguvu zaidi. Wa bondeni wanalipia ujenzi wa wa mlimani, na hilo linaniuma.

Nilianza na vya bure, maana bando ni ghali na fedha za utafiti sikuwa nazo. Picha za satelaiti ya Sentinel-2 hazilipiwi, QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo hailipiwi, nikawa napakua usiku. Picha hizo zilinionyesha vizuri jinsi kijani kilivyopungua kandokando ya mto. Kwa mafuriko yenyewe hazikufaa kitu: siku maji yanapojaa ndiyo siku wingu limetanda, na satelaiti hiyo haioni kupitia wingu. Nikageukia data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani. Hizo zilipimwa Februari 2000, na kila kijisehemu kina upana wa mita 30. Ndani ya mita 30 Kigogo unapata nyumba kadhaa, uchochoro na mtaro, vyote vikiwa vimepewa urefu mmoja, tena mara nyingi ni urefu wa paa. Data inayoweza kupotoka kwa mita kadhaa haiwezi kukueleza maji yanayofika kiunoni.

Basi nikanunua futi kamba, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya chuo, mwenyekiti akaniunganisha na mjumbe, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Mafuriko huacha mstari wa tope ukutani, ila watu hupaka rangi upya. Ukiuliza maji yalifika wapi, utaambiwa magotini, na magoti ya watu hayalingani. Nikawa naomba, "Shikamoo mama, naomba unionyeshe kwa mkono hapo ukutani." Anaweka kiganja, napima kutoka sakafuni. Mama mmoja alinizungusha chumba kizima: soketi ya umeme ameihamishia usawa wa bega, miguu ya kabati iko juu ya tofali, mlangoni amejenga kizingiti cha sentimita 45. "Mwanangu, hiki nimeshakipandisha mara mbili," akasema.

Hapo ndipo utafiti wangu ulipopata mwelekeo. Kizingiti ni kipimo! Mtu hatoi fedha yake ya saruji kwa maji asiyoyaona. Anajenga kulingana na maji anayoyajua. Nikapima vizingiti vya eneo zima, nikaviweka kwenye ramani pamoja na viganja vya ukutani.

Ramani ilipokamilika, nyumba zinazofikiwa kwanza hazikuwa zile za ukingoni. Zilikuwa ndani kidogo, zimeuzunguka mtaro ambao mdomo wake umezibwa na mchanga na taka. Mto ukijaa, maji yanarudi nyuma kupitia mtaro huohuo na kuibukia uani kwa watu, kabla hata kingo hazijafurika. Mtaro wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba hakuna picha yangu iliyouonyesha. Wenyeji walikuwa wakilijua hilo miaka yote. Walichokosa ni vipimo vya kuweka mezani kwa mhandisi.

Nilichapisha ramani kubwa na kuipeleka ofisi ya mtaa. Wakaongeza kwa kalamu mambo ambayo nisingeyafikiria: nani ana mgonjwa asiyeweza kutembea, nyumba ipi ya juu hupokea watoto usiku maji yakija, uchochoro upi unapitika hata kukiwa na tope. Naona ukurasa huo una thamani kuliko sura zote za utafiti wangu. Majina ya wagonjwa yamebaki kwenye nakala ya mjumbe peke yake. Mitaro na vichochoro nimeviingiza OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, na mdomo wa ule mtaro umepangiwa kuzibuliwa kabla ya Machi.