Barua safi, maneno ya mdomoni machafu

Mzee mwenye fremu zetu alifariki Machi. Hata arobaini haijafika, akatokea kijana na bahasha ya kaki. Shati jeupe, tai nyeusi, viatu vimejaa vumbi la Tabata. "Mimi ndiye wakili wa familia," akasema, akatugawia barua fremu zote nne: kodi ya miezi mitatu ilipwe ndani ya siku 14, la sivyo tutoke. Kisha akaongeza kwa mdomo jambo ambalo kwenye barua halikuwemo. Hela tumtumie kwenye namba yake ya simu, eti akaunti ya marehemu imefungwa.

Niseme ukweli, deni lilikuwepo. Mwenye deni hana ubavu wa kumbishia mtu mwenye tai.

Ila mimi nina steshenari. Mwaka wa tisa huu nachapa barua za watu, zikiwemo za wanaojiita mawakili halafu wananinong'oneza, "Bosi, nembo ya mizani iweke kubwa hapo juu." Sijawahi kuwauliza kitu, mteja ni mteja. Kwa hiyo barua ya kishoka naijua: sanduku la posta halina namba, ofisi iko "Dar es Salaam" basi, na jina la aliyeiandaa halipo. Hii ilikuwa na jengo na ghorofa, Mtaa wa Samora, sahihi ya kalamu ya bluu, na jina kamili la wakili. Lile jina la kwanza ni katika yale wanayopewa watoto wa kike na wa kiume.

Nikafungua e-Wakili, mfumo wa Mahakama ambamo mtu yeyote anaweza kumtafuta wakili. Jina likatokea, na cheti cha mwaka huu kipo hai. Hapo kwenye cheti ndipo pa kuangalia vizuri, maana kinakwisha kila Desemba 31 na ni lazima kihuishwe. Wakili aliyeapishwa zamani lakini hana cheti cha mwaka huu haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inasema hivyo.

Jirani yangu fundi simu alikuwa amesimama nyuma yangu anachungulia. "Si umeona, kaka? Mtu halali huyo." Jioni ile ile akatuma laki nne na nusu.

Mimi nikampigia mpwa wangu, yuko Law School pale Sinza. Akanisomesha kama mtoto. Mwanasheria na wakili, mjomba, siyo kitu kimoja. Aliyemaliza digrii ya sheria ni mwanasheria. Bado anatakiwa apite Law School, aombe kwa Jaji Mkuu, aapishwe, jina liingie kwenye daftari la mawakili, apewe namba. Ndiyo maana zile sherehe za kuapishwa unaona ukoo mzima umekuja na maua. Halafu akauliza, "Namba yake ngapi?" Nikamsomea, elfu moja na kitu. Akacheka. Namba zinakwenda kwa mfululizo, na wanaoapishwa miaka hii wameshavuka elfu kumi. "Huyo wa kwenye mfumo ni mtu mzima sana. Wewe aliyekuja kwako ana umri gani?"

Miaka ishirini na tano, kama ni mingi.

Yaani nilikagua jina, mtu mwenyewe sikumkagua.

Asubuhi nikapanda daladala ya Posta. Lifti ya lile jengo mbovu, nikapanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne. Nikamkuta mama mwenye mvi, miwani imening'inia shingoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwekea mezani barua na ile namba ya simu tuliyoambiwa tutumie hela. Akaisoma yote, ingawa aliiandika mwenyewe. "Barua ni yangu. Namba ya simu umeitoa wapi?" Nikamweleza. Akavua miwani, akakaa kimya kidogo. Yule kijana ni karani wake wa kupeleka barua. Digrii anayo, uwakili hana, na ruhusa ya kupokea hata shilingi hana.

Nilichompendea yule mama ni kwamba hakunionea huruma. Deni lipo palepale, akasema, ila kodi inakwenda kwa msimamizi wa mirathi, siyo kwa wakili wala kwa mtoto wa marehemu atakayewahi kufika. Akanionyesha nakala ya Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ile ya uteuzi wa msimamizi, ina muhuri na jina. Akaunti ya mirathi ilikuwa imeshafunguliwa. Nikaomba nilipe kwa mafungu mawili, akakubali, lakini kwa maandishi.

Niliporudi fundi simu alikuwa hajafungua. Alikuja saa kumi na risiti ya mkono aliyopewa na kijana, imekunjwa mara nne, imeandikwa "Wakili" na sahihi inayopanda kama mlima. Polisi walitaka nakala. Nikamtolea tatu. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta hela, nikamwambia acha, mimi ndiye niliyekuonyesha lile jina.