Anza na mwezi, bango baadaye: kutangaza uzinduzi wa filamu ya tabianchi Mwanza

Kama filamu yako inahusu Ziwa Victoria na mvua ambazo siku hizi hazieleweki, na unataka watu wa ziwa wenyewe waione siku ya kwanza, usikimbilie kwa mchapaji. Tafuta kwanza kalenda inayoonyesha mwezi wa angani, siku za giza na siku za mbalamwezi.

Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu taa ndiyo inayokusanya dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi. Kwa wiki nzima, pengine siku kumi, mitumbwi inakaa nchi kavu na watu wanashona nyavu. Hapo ndipo utawapata wao pamoja na akina mama wanaoanika dagaa. Ukizindua siku za giza, ukumbi utajaa watu wa semina, wale wale wanaosalimiana kila warsha, na picha zitapendeza, lakini watu wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa, hawatakuwepo.

Kuna mtego. Siku za mbalamwezi ndizo siku ambazo mfuko hauna kitu: hakuna dagaa, hakuna hela. Kwa hiyo tiketi iuzwe wiki ya giza, pesa ikiwa inazunguka, filamu ionyeshwe wiki ya mwezi. Elfu mbili inatosha. Tunashauri usitoe bure kabisa, kwani tiketi ya bure huchukuliwa na kila anayepita, na siku yenyewe haonekani mtu. Aliyetoa elfu mbili huja kuifuata elfu mbili yake.

Ndani ya siku hizo chagua Jumapili alasiri. Ijumaa jioni na Jumamosi mchana utawakosa Wasabato, na kandokando ya ziwa hili si wachache. Angalia pia ratiba ya ligi. Simba na Yanga wakikutana siku hiyo, ahirisha bila kubishana na mtu. Milango ifunguliwe saa 9:30, filamu ianze saa 10:15. Ikiwa ya dakika 70 itaisha saa 11:25, mkijadiliana dakika 40 mnafunga saa 12:05, kabla ya magharibi na daladala za Igoma, Buhongwa na Kisesa bado zipo. Wa Nansio, ng'ambo kisiwani, ni habari nyingine: akija kwa meli atalala mjini, kwa hiyo mpangie onyesho la pili kwao Ukerewe kuliko kumwalika kwa maneno matupu. Na kwenye bango andika "saa 10:15 jioni". Wapo wanaoandika 4:15 kwa sababu simu inasema hivyo, halafu wanashangaa mtu anapiga simu kuuliza kama ni usiku.

Sasa maneno. "Mabadiliko ya tabianchi" yaandikwe kwa herufi ndogo chini, kwa ajili ya barua na ofisi. Juu weka kitu ambacho mtu wa Igombe au Kayenze amekiona kwa macho. Ila uwe mwangalifu. Bango lenye "Ziwa linakauka" litachekwa Kirumba, maana mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye mialo na nyumba. Aliyeandika hivyo pengine anaikumbuka 2006, maji yaliposhuka sana. Na hata 2006 haikuwa ukame peke yake: maji yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, yalizidi kipimo, na wapo wazee mwaloni wanaolijua hilo vizuri kuliko mtayarishaji. Jambo la kushika ni kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayodondokea ziwa lenyewe, wala si mito. Mvua ikiyumba, ziwa linayumba, juu au chini. Hilo linasimama hata mbele ya mbishi. Samaki kupungua nako usiisingizie hali ya hewa peke yake. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, na nyavu za macho madogo zinajulikana, na ukizikwepa watakuuliza mbele ya kamera.

Picha moja inayobeba yote hayo ni dagaa walioanikwa mchangani halafu mvua ikawakuta. Wakipata jua la siku moja wanakauka, wana rangi ya fedha na wanavunjika ukiwakunja. Wakilowa wanageuka kahawia, wanalegea, wanatoa harufu, na bei inashuka kutoka chakula cha watu hadi chakula cha kuku. Mama aliyeinama anawapindua kwa ufagio huku wingu linakuja, hiyo ndiyo trela yako. Huhitaji barafu inayomeguka kwenye ncha ya dunia.

Trela ya kusambaza WhatsApp iwe sekunde 30, ya wima, 720 kwa 1280, kasi ya data megabiti 1 kwa sekunde. Faili litatoka na MB 4 hivi, mtu wa bando dogo atalifungua. Kosa kubwa hapa ni kujaza mawimbi na mvua inayonyesha. Maji yanayotembea ndiyo magumu kuliko yote kubana; kila nukta inabadilika kila fremu, WhatsApp nayo inabana tena juu yake, na ziwa lako linakuwa vigae vya kijivu. Chukua picha ambazo kamera imetulia: mti uliosimama ndani ya maji, ukuta wenye alama ya maji yalipofika, mikono juu ya dagaa. Maandishi yachomwe kwenye picha yenyewe, maana wengi hutazama stetasi bila sauti. Tarehe na ukumbi viwe sekunde 3 za mwanzo. Wengi hawafiki mwisho.

Gari la matangazo bado linafanya kazi kuliko bango, ukishapata kibali chake. Likienda kilomita 10 kwa saa linapita mita 2.8 kila sekunde. Maneno yakisikika vizuri kwa mita 60 za njia, mtu ana sekunde 21 tu. Basi tangazo liwe la sekunde 18, lijirudie, na siku, saa na ukumbi viwemo kila mzunguko. Mitaa ya mlimani kama Mabatini na Bugarika, gari halipandi mawe, na sauti ikigonga miamba inarudi imechanganyika. Huko panda kwa miguu na kipaza sauti cha mkononi, simama, sema, tembea. Mwaloni nenda alfajiri za wiki ya giza, mitumbwi inaporudi, na pitia kwanza kwa uongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Anayeingia mwaloni na kamera bila kupitia kwao hudhaniwa ni wa doria ya kukamata uvuvi haramu.

Kabla ya yote hayo, filamu iwe imekaguliwa na Bodi ya Filamu na kupewa daraja, yaani umri wa wanaoruhusiwa kuitazama. Sheria yake ni Na. 4 ya 1976. Daraja liwe mkononi kabla hujachapa, usije ukabandika stika juu ya mabango 200.

La mwisho ni mgeni rasmi. Atachelewa. Ukianza na hotuba yake, filamu ya saa 10:15 itaanza saa 11:30, na watoto watakuwa wamechoka. Mwandikie kwenye barua kwamba atazungumza dakika 5 baada ya filamu, na projekta iwashwe saa 10:15 hata kiti chake kikiwa kitupu. Taa zikiwaka, kipaza sauti cha kwanza kiende kwa mama wa dagaa. Mgeni rasmi atakuwa na la kujibu.