Imebaki namba nne tu

Juzi nimeazima gari ya shemegi, nimpeleke binti yangu Bububu. Jua la utosi, madirisha hayashuki. Akazungusha kitufe cha feni ya AC: moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne ikavuma hata ushungi ukamruka.

"Baba, mbona hizi nyengine hazifanyi kazi?"

"Rezista imekufa."

"Umejuaje, na hata hujaifungua?"

Nimejuaje. Kwa gari ya Ami, mwanangu, na siku ile sikusema kweli yote.

Ami alikuwa na Corolla, wengine mnaijua, nshaisema hapa mara ngapi. 110 nyeupe, mlango wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu. Mwaka ule mikarafuu ilibeba Pemba nzima, na Ami akaifanya gari punda: magunia nyuma, na moja mbele, pale abiria anapoweka miguu, kutoka shamba mpaka kituo cha kuuzia. Mie ndo kwanza nimerudi kutoka Unguja na cheti changu cha umeme wa magari, bado kimo kwenye bahasha. Feni ikagoma kwenye moja, mbili na tatu, ikabaki nne.

Hilo halihitaji mganga. Kwenye namba za chini umeme hupitia kwenye rezista, hupunguzwa humo, ndiyo feni ikazunguka taratibu. Namba nne haipiti huko, inakwenda moja kwa moja. Ukibakiwa na nne pekee, mchawi wako unamjua. Nikashusha kabati la dashibodi, nikaichomoa: kweli, imeungua, na soketi yake imelainika, imegeuka rangi ya halua. Nikaagiza nyengine Unguja, ya gari iliyochinjwa Mwanakwerekwe, ikaja na boti. Ami akafurahi siku tisa.

Ya pili ilimaliza siku sita.

"Hebu isikilize," Ami akaniambia, kasimama dirishani na kikombe chake cha kahawa. "Inalia kama mtu kakwamwa na mwiba wa samaki. Itazame kooni."

Nikacheka kimoyomoyo. Ami hata fyuzi hajui zinakaa wapi. Nikamweleza, kwa ule upole wa mtu aliyesoma, kwamba rezista za mitumba ndivyo zilivyo, nyengine zinakuja zishachoka. Akatoa pesa ya ya tatu bila ya neno. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya.

Ilipofika nikasubiri alale baada ya chakula. Gari iko chini ya mwembe, Limbani. Nikajilaza chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, tochi nimeing'ata mdomoni. Nikapima: umeme unafika, volti 12 kamili. Arthi safi. Swichi nzima. Kila nilichofundishwa kupima kilikuwa kizima, na bado waya za feni ukizishika zina joto kama mtoto mwenye homa. Nikapenyeza kidole nikaizungusha feni kwa mkono. Nzito. Ikazunguka nusu, ikakwaruza, ikasimama.

Mota inashikwa na skurubu tatu. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu sikuimaliza. Mota ikainama yenyewe na ikanimwagia usoni kila ilichokuwa imekimeza. Vumbi la kahawia na makonyo, vile vijiti vya karafuu. Makonyo, makonyo, makonyo, yanachoma kama vimisumari. Yakaniingia machoni, puani, na mdomoni, ambao siwezi kuufunga kwa sababu ya tochi. Nikayatafuna bila ya kutaka. Ulimi ukafa ganzi. Niliposhusha ile feni, duara lenye mapezi kama kitunga, uzi wa gunia ulikuwa umejizonga kwenye mhimili wake mara kumi, umekaza utadhani umefungwa na baharia.

Nimelala pale nalia machozi ya karafuu, mambo yakajipanga. AC ilikuwa imewekwa kuzungusha hewa ya ndani, na tundu la kuvutia hewa hiyo liko palepale juu ya lile gunia la mbele. Feni ikivuta hewa inavuta na makonyo. Ikiwa nzito inakula umeme mwingi zaidi, na upepo wake unapungua, na rezista imewekwa kwenye njia ya upepo huohuo ili ipoe. Ningeibadilisha mpaka kiyama.

Nikakata uzi kwa wembe, nikapangusa, nikafunga rezista ya tatu. Makonyo yalijaa viganja viwili. Nikatazama viatu vya Ami barazani, nikaenda kuyafukia nyuma ya migomba.

Akaamka kabla ya alasiri. Akaweka mbili. Feni ikanong'ona, haina hata mkwaruzo.

"Umefanya nini leo?"

"Rezista, Ami. Hii ya tatu nzuri."

Ulimi bado mzito, "rezista" ikatoka kama ya mlevi. Akanipa elfu kumi ya ufundi. Kisha akainama kwenye tundu la hewa, akanusa.

"Mbona inanukia karafuu?"

"Pemba yote inanukia karafuu."

Akanitazama. Akanyoosha mkono kwenye kola ya shati langu, akachomoa konyo moja, akaligeuza kidogo baina ya vidole. Akalitia mdomoni, akawa analitafuna taratibu, akaenda zake msikitini.

Ile elfu kumi sikuirudisha.