Mgeni Katika Msafara wa Siafu

Mwaka 2017, mvua za mwezi wa tatu zikiwa zimekolea, nilikwenda Kalinzi, kwenye vilima vya kahawa kaskazini mwa mji wa Kigoma, kumjulia hali shangazi yangu. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na siku hizo mawazo yangu yote yalikuwa kwa mdudu mmoja.

Mwezi uliotangulia, Christoph von Beeren na Alexey Tishechkin walikuwa wametangaza spishi mpya ya mbawakavu kutoka msitu wa La Selva, Costa Rica. Walimwita Nymphister kronaueri, kwa heshima ya mtafiti mwenzao Daniel Kronauer. Ana urefu wa milimita moja na nusu hivi. Anaishi na Eciton mexicanum, jamaa wa siafu wetu huko Amerika, ambao huhamahama usiku kwa wiki mbili tatu, wakatulia mahali pamoja kwa muda kama huo, kisha wakaanza upya. Safari ikiiva, mbawakavu huyu humpanda chungu, humng'ata kiunoni kwa mataya yake, hukaza, akabebwa. Ukimwangalia chungu huyo kwa juu utadhani ana matumbo mawili, kwa jinsi mdudu anavyofanana na tumbo lenyewe kwa ukubwa, umbo na rangi. Watafiti nao walianza kwa kushangaa hayo matumbo mawili. Walipoitikisa chupa waliyomtia chungu, tumbo moja likabanduka.

Nilimsimulia shangazi hayo yote wakati wa kula. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chungu hao wanauma. Nikasema wanauma sana. Akasema, "Basi kachagua mlinzi mzuri."

Usiku wa manane kuku wakapiga kelele. Shangazi hakusubiri hata taa iwashwe. "Siafu hao. Toeni watoto, fungueni banda!" Wenye kujua Kalinzi wanajua kwamba hapo hakuna mjadala; kuku aliyefungiwa hapati asubuhi. Watoto wakapelekwa kwa jirani, na kijana wa nyumba ya pili akaja na karai la majivu ya moto.

Nikamulika tochi. Msafara ulitoka kwenye migomba, ukapita kando ya ukuta wa jiko, ukateremka kuelekea shamba la chini. Askari wenye vichwa vikubwa walikuwa wamejipanga pande zote mbili, mataya wazi, na katikati yao vibarua wakimiminika. Kilichonifanya nipige kelele ni mizigo yao. Siafu wa kuwinda hurudi na vipande vya mende na panzi. Hawa walikuwa wamebeba mabuu meupe chini ya matumbo yao, na mwendo ulikuwa wa upande mmoja.

"Shangazi, nakuomba majivu yasubiri. Hawa hawawindi, wanahama."

"Ndani hawaingii?"

"Wanapita tu."

Akamnyooshea kijana mkono atue karai. "Haya baba, watazame. Ila wakikupanda, mimi sisogei hapo."

Nilipaka miguu ya kigoda mafuta ya taa, nikasimama juu yake, nikainama. Sijui kama kuna kitu Kigoma hii kinachonivuta kuliko mto ule wa siafu. Vibarua wake hawana macho kabisa. Wanaongozwa na harufu na mguso, na bado hakuna anayepotea. Macho yalipouzoea mwendo, nikaona kisichokuwa siafu: kidudu chembamba cha kahawia, mabawa ya juu mafupi yaliyoacha tumbo wazi, kinakimbia katikati kabisa ya msafara. Kilikuwa mbawakavu, wa familia ya Staphylinidae. Siafu waligongana nacho, wakakipapasa kwa papasi zao, wakaendelea na safari. Panzi angekuwa vipande wakati huo. Kikapita kingine, na nyuma yake kingine.

Huyu wetu hakubebwa na mtu. Alikimbia kwa miguu yake, lakini shida yake ni ileile ya yule wa La Selva: mwenyeji wake hana makazi ya kudumu, na siku wakihama akabaki nyuma, amekosa nyumba na chakula kwa pamoja. Mmoja ameitatua kwa mataya, mwingine kwa mbio. Nilimwita shangazi, na pamoja na kiapo chake alikuja, akashika bega langu, akaangalia mpaka alipomwona mwenyewe. "Kumbe na wao wana wageni," akasema, akaniambia nisogeze tochi.

Niliwachukua wachache kwa kibano, nikawatia kwenye kichupa cha spiriti. Darasani kilizunguka dawati hadi dawati, na binti mmoja wa kidato cha pili akauliza swali ambalo bado ninalifanyia kazi kila mvua zinapoanza: usiku siafu wanapoamua kuhama, huyu mgeni anaambiwaje?