Laga kunuka siagi: nilivyoitibu kabla ya kujaza chupa

Baada ya siku 10 za kuchachuka kwa nyuzi 11, lita 20 za laga (bia inayochachushwa kwa baridi) zilisoma 1.014 kwenye haidromita (kipima uzito wa bia ukilinganishwa na maji), lakini zilinuka siagi iliyoyeyuka. Hiyo ni dayasetili, kemikali inayonuka siagi. Huzaliwa hamira ikiwa kazini, na hamira hiyohiyo huila, mradi isiwahishwe kwenye baridi. Niliiacha bia juu ya hamira yake, nikapandisha joto hadi nyuzi 18 kwa siku 3. Kipimo kikatulia 1.010.

Bia baridi huificha harufu. Chota vikombe viwili, vifunike, kimoja kikae kwenye maji ya nyuzi 60 dakika 20, kipoe, kisha nusa vyote. Kilichopashwa kikinuka siagi, ongeza siku 2. Vyangu vilipolingana, vyote bila siagi, niliilaza bia kwa nyuzi 2, wiki 3.