Kumbukumbu ya mradi: historia ya mashindano ya Palermo kwenye ukuta wetu wa Mwanza

Mradi wangu ni kuandika kwa Kiswahili, na kwa mkono, historia ya mashindano ya tenisi ya wanawake ya Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily nchini Italia, yaliyoanza mwaka 1988 na kuchezwa kwenye viwanja vya udongo mwekundu vya Country Time Club. Naiandika kwanza kwenye kaunta buku, kisha kila sehemu inayokamilika naihamishia kwenye bango kubwa nililolibandika katika chumba tunachohifadhia raketi na neti hapa Mwanza, ili wasichana tunaowafundisha waisome wanapopumzika. Historia ya mashindano makubwa kama Wimbledon ya Uingereza na Roland Garros ya Ufaransa imeandikwa na wengi. Ya mashindano madogo haina waandishi, ilhali huko ndiko wachezaji wengi wanakopata taji lao la kwanza, na msichana anayeanza ana haki ya kuona safari ya bingwa ilipoanzia, si mwisho wake tu.

Sehemu ya miaka ya mwanzo imeshapanda ukutani. Jina linalovuta macho humo ni Mary Pierce wa Ufaransa, aliyetwaa taji la Palermo mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 16. Lilikuwa taji lake la kwanza katika ziara ya WTA, yaani mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya wanawake duniani, na mwaka uliofuata akalitetea. Mwaka 2000 alikuwa bingwa wa Roland Garros. Irina Spîrlea wa Romania naye alishinda mara mbili mfululizo, 1994 na 1995. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Anastasia Myskina, binti wa miaka 18, ambaye miaka mitano baadaye alishinda Roland Garros na kuwa Mrusi wa kwanza wa kike kutwaa moja ya mashindano makubwa manne kwa mchezaji mmoja mmoja. Dinara Safina alishinda Palermo mwaka 2003, na mwaka 2009 akashika namba moja duniani.

Ukurasa niliouandika kwa furaha kubwa ni wa Anabel Medina Garrigues wa Hispania. Alishinda Palermo mwaka 2001, akarudi na kushinda mara tatu mfululizo kuanzia 2004 hadi 2006, kisha akashinda tena 2011. Katika mataji yake 11 ya mchezaji mmoja mmoja, matano ni ya mji huu mmoja. Wengi wanamkumbuka kwa ubingwa wa wachezaji wawili wawili wa Roland Garros, aliounyakua na Virginia Ruano Pascual mwaka 2008 na 2009, lakini kwangu mimi yeye ndiye mwenye Palermo. Ushindi wa miaka kumi kwenye udongo uleule hauwezi kuitwa bahati. Ni ujuzi wa mtu aliyeuelewa uwanja wake.

Ili wasichana wauelewe ujuzi huo, ilinibidi niwaonyeshe udongo wenyewe, kwa kuwa sisi tunacheza kwenye sakafu ya saruji. Niliomba vipande vya matofali ya kuchoma yaliyovunjika kwenye tanuri moja nje ya jiji, tukavitwanga, tukachekecha, tukatandaza unga wake kwenye kipande kidogo cha ardhi, tukaumwagilia maji na kuushindilia. Viwanja vyekundu vya Ulaya hufunikwa kwa unga wa namna hiyo, juu ya tabaka za mawe na kokoto zinazopitisha maji. Mpira ukidunda juu yake hupoteza mwendo na kuinuka zaidi kuliko kwenye saruji, hivyo mwenye mkwaju mkali hapati pointi za haraka, na aliye mvumilivu hupata nafasi ya kuufikia mpira mmoja zaidi. Mguu huteleza kabla ya kupiga, na mpira huacha alama ambayo mwamuzi anaweza kushuka na kuikagua. Unga ukikauka sana hupeperuka na uwanja ukaharibika, ndiyo maana maji humwagwa kila siku. Mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimetushika huku ziwani, kipande chetu kilihitaji ndoo asubuhi na jioni, na Julai ndiyo majira ambayo Palermo imezoea kucheza, kwenye joto kali la Sicily.

Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hawa wanaotolewa Wimbledon siku za mwanzo huwa wanaenda wapi?" Swali lake limenifanya nibadilishe mpangilio wa bango zima. Nyasi za Wimbledon zikiisha, wachezaji wengi wakubwa hupumzika au hujiandaa kwa sakafu ngumu za Marekani, na katika wiki hizo chache mashindano kama Palermo huwapa nafasi wale wanaoutegemea udongo kwa pointi za viwango vya ubora na kwa kipato. Sasa kila bingwa ameandikwa pamoja na wiki aliyoshinda, kwa sababu mashindano madogo huishi au hufa kwa nafasi yake kwenye kalenda.

Palermo yenyewe ilipoteza nafasi hiyo. Baada ya Roberta Vinci kumshinda Sara Errani katika fainali ya Waitalia watupu mwaka 2013, mashindano hayakuchezwa tena hadi 2019. Sikutaka kuiruka miaka hiyo mitano. Nimeiachia nafasi yake kamili kwenye bango, na katikati yake nimeandika fainali ya US Open ya mwaka 2015, Flavia Pennetta dhidi ya Vinci, huyu akiwa ametoka kumtoa Serena Williams katika nusu fainali. Pennetta alishinda 7-6, 6-2. Wote wawili walikuwa mabingwa wa zamani wa Palermo, Pennetta wa mwaka 2009 na Vinci wa 2013, na walikutana New York katika kipindi ambacho mji uliowavika mataji hayo haukuwa na mashindano.

Kurudi kwake kulianza na Jil Teichmann wa Uswisi, aliyemshinda Kiki Bertens mwaka 2019. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha tenisi ya wanawake kuanzia Machi, na mashindano ya kwanza kufungua ziara mwezi wa Agosti yakawa haya ya Palermo. Wachezaji walishika taulo zao wenyewe na hawakupeana mikono. Fiona Ferro wa Ufaransa alimshinda Anett Kontaveit 6-2, 7-5. Ngazi hii ya mashindano madogo, ambayo baadhi ya wapenzi wa tenisi huidharau, ndiyo iliyotangulia kurudi uwanjani.

Wiki hii nimemaliza sehemu ya Zheng Qinwen wa China. Taji lake la kwanza la ziara ya WTA lilikuwa Palermo 2023, alipomshinda Jasmine Paolini kwa seti tatu. Mwaka 2024 alirudi kulitetea wakati Olimpiki ya Paris ilikuwa imekaribia na ingechezwa kwenye udongo wa Roland Garros. Uamuzi huo naona ulikuwa wa busara kubwa: alimshinda Karolína Muchová 6-4, 4-6, 6-2 tarehe 21 Julai, na tarehe 3 Agosti akamshinda Donna Vekić na kuchukua dhahabu, ya kwanza kwa Asia katika tenisi ya mchezaji mmoja mmoja.

Kazi inayofuata ni safu ya walioshindwa fainali. Nitaanza na Paolini, kwa kuwa mwaka mmoja baada ya kupoteza fainali ile alifika fainali za Roland Garros na Wimbledon, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya wawili wawili pamoja na Errani, bingwa wa Palermo wa mwaka 2008 na 2012.